Saa Inayopiga Mbizi Juu ya Meza

Kwenye mita 30 chini ya maji ya kisiwa cha Mnemba, Unguja, mgandamizo ni mara 4 ya ule wa ufukweni, nayo kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa kama saa, imetulia mkononi mwa mpiga mbizi, ikiandika kina, muda na naitrojeni kama karani wa zamani. Jioni mwenyewe anaiunganisha na laptopu apate grafu ya kuwatambia wenzake, na hapo tone lisilotosha kumlowesha sisimizi linaikwamisha. Laptopu inasema haioni kitu. Saa inasema iko mbizini, kina sifuri, nayo imelala kando ya sahani ya chapati. Lawama zinaanza: kebo feki, programu mbovu, mtengenezaji mwizi. Mimi naona saa inaonewa. Aina nyingi zina vidoto vya chuma pembeni au mgongoni. Umeme mdogo mno ukipita kati yake, saa inajua imeingia majini na kujiwasha, hata kama mvaaji amesahau. Katika baadhi ya aina, vidoto hivyo hivyo ndivyo vinavyobanwa na kebo. Ukiviunganisha vimelowa, umeiletea saa ushahidi wa bahari, nayo imeuamini. Ingekuwa na tabia ya kuutilia shaka, siku moja ingemwacha mtu chini huko bila hesabu.

“Lakini nimeifuta!” Sawa, kwa taulo gani? Ile iliyokwisha kufuta mwili mzima uliotoka baharini, ambayo ikikauka inasimama yenyewe? Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki palepale kati ya vidoto. Na chumvi haikai kavu. Hata ile ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Unguja unakivuka bila jasho. Ya bahari ina magnesi, kwa hiyo hunyonya unyevu mapema zaidi. Ndiyo maana kikopo cha chumvi mgahawani hutiwa punje za mchele, na bado kinagoma. Anayeifukia saa yake kwenye ndoo ya mchele basi ajue kwamba mchele hauondoi chumvi, unaongeza vumbi tu. Anayepuliza vidoto kwa mdomo, tena kwa bidii, anavipelekea pumzi iliyojaa mvuke. Mwenye mashine ya kukaushia nywele yeye anahatarisha mpira unaozuia maji yasiingie, ili aokoe dakika chache.

Wapo watakaosema dawa ni Bluetooth, hakuna waya, hakuna taabu. Kwa grafu, kweli. Ila saa nyingi za kuchaji bado huchajiwa kupitia vidoto vya chuma, na volti 5 zikikutana na maji ya chumvi zinakula chuma hadi kiwe na ukungu wa kijani. Saa inataka kuloweshwa kwanza ndipo ikaushwe, jambo linalowaudhi wengi: iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, ya kunywa ikibidi, maana visima vingi vya pwani navyo vina chumvichumvi, kisha ifute kwa kitambaa ambacho hakijawahi kwenda ufukweni.