Utukufu wa Kigari

Lori lina washairi wake, utingo wanaoliandika misemo kifuani na mgongoni. Basi lina mashabiki, vijana wa stendi ya Msamvu wanaoijua kampuni kwa mlio wa honi kabla gari halijaingia. Shangingi lina dereva wa kufungua mlango, mlinzi wa kupiga saluti na fungu la serikali la kulinywesha mafuta. Kigari hakina mtu. Vitz, Passo na Starlet chache zilizogoma kufa zinapita mjini Morogoro kila siku, zimebeba walimu, wauguzi na makarani, na hakuna aliyewahi kusimama hadharani akazisemea neno jema. Leo nasimama mimi. Najua wapo wanaume watakaocheka, hasa wale ambao wakikutwa ndani ya Passo huwahi kujieleza kabla hawajaulizwa: "Hii ya mama watoto, yangu iko gereji." Iko gereji tangu lini, hawasemi.

Tuanze na nasaba. Vitz ilizaliwa Japani mwaka 1999 ili irithi nafasi ya Starlet. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na Ulaya, ilikopokewa kwa jina la Yaris, ilivishwa taji la Gari la Mwaka 2000. Wazungu wenye Mercedes na BMW za kwao, wenye barabara zao zilizonyooka, waliyaruka yote hayo wakachagua hiki ambacho sisi tunakiita beibi woka na kukishonea makava ya viti ya rangi ya damu ya mzee.

Injini ya ile Vitz ya kwanza, ile ndogo kuliko zote, ina cc 997. Tatu zilizobaki kufikia elfu si bure zimekosekana: Japani, kodi ya gari ya kila mwaka hupanda injini ikivuka lita moja. Na kwa neema ya Mwenyezi Mungu, watoza kodi wetu, TRA, nao wamechora mstari wao mahali pale pale. Kwa miaka mingi injini isiyozidi cc 1000 haijatozwa ushuru wa bidhaa. Ikivuka hapo hadi 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni 10. Mnunuzi wa kigari anasamehewa kwa udogo. Kabla hajamaliza kushukuru, anadaiwa kwa uzee, kwani gari lililopita miaka 10 lina ushuru wake wa uchakavu, asilimia 30, na kigari cha mtu wa kawaida kikishuka bandarini huwa kimeshapita umri huo zamani. Mtoto hatozwi, mzee hasamehewi, na kigari ni vyote viwili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo hesabu za serikali kwa jumla zinakipenda. Mwaka 2017 ilifutwa ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita. Wenye magari makubwa walinung'unika. Mwenye kigari alinyamaza, akachukua kalamu, akaona kwamba kuanzia siku hiyo jirani yake mwenye shangingi atamsaidia kulipia barabara. (Bibi wa kijijini mwenye koroboi naye alisaidia, maana nyongeza ile iligusa hadi mafuta ya taa, na yeye hana hata baiskeli. Lakini leo tunasifu kigari, hatusifu bajeti.) Ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi, wadhibiti wa nishati, EWURA, wakitangaza bei mpya ya mafuta, mwenye Vitz husikiliza redio kwa makini, na uchungu wake huishia kwenye lita kumi anazotia kwa wiki. Mwenye V8 ya ofisi hasikilizi kabisa. Yeye mafuta yake yanasikilizwa na Hazina.

Zipo faida ambazo hazipatikani kwenye kitabu cha ushuru. Chukua kamati ya harusi. Kila mtu wa mji huu anajua kwamba kadi ya mchango haiandikwi kwa upendo, inaandikwa kwa kuchungulia dirishani umekuja na nini. Ukiegesha Prado, katibu anakupangia laki tano na jukumu la vinywaji. Ukiegesha Passo, anakutazama kwa huruma, anakuandikia elfu hamsini na kukuomba usaidie kuwapokea wageni. Sijui bima yoyote inayomlinda mtu dhidi ya shemeji zake namna hiyo. Tena siku ya harusi hakuna atakayekiazima kumbeba bibi harusi, kwa sababu gauni lenyewe halitaingia.

Mlinzi wa getini naye ana utaratibu wake. Gari refu jeusi likija, geti linafunguka lenyewe na mkono unapanda kofiani, hata kama ndani yupo tapeli. Kigari kikija, mlinzi anakaa kwanza, anamaliza chai, anakuja na daftari: jina, unakotoka, unakokwenda, unamwona nani, amekuita au umejileta? Kuna watu wanaona hapo wamedharauliwa. Mimi naona wameulizwa hali. Waziri anaweza kuzunguka wilaya nzima asiulizwe na mtu yeyote anakotoka.

Ukikichunguza kigari, kasoro zake zote hugeuka kuwa moja: hakimruhusu mwenye nacho kuwa mtu mkubwa. Hata Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, alipiga kelele sana juu ya mashangingi ya viongozi, na mashangingi yakaendelea kununuliwa. Kigari hakitoi hotuba. Kinakupunguza ukiwa ndani yake, kimya kimya, magoti yakiwa kifuani. Na Morogoro ni mahali pake hasa. Mji huu unajiita Mji Kasoro Bahari na haujawahi kuona aibu. Kwa nini usipende gari kasoro buti?

Pa kukiona kinafanya kazi yake ni milimani. Mji uko chini, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kimesimama mgongoni mwake kwa zaidi ya mita 2,100. Ndugu wa watu wa mjini wako katika milima hiyo, Towelo, Kinole, Matombo, na ndugu hawahesabiwi kwa idadi ya viti. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito kwa maana zote mbili, na yeye hukaa mbele. Nyuma wanaingia shangazi watatu wa mwili mkubwa na mtoto mmoja ambaye hakuna aliyemwalika. Tambarare kigari kinakwenda kwa adabu. Kikianza kupanda, sauti inabadilika. Dereva anazima kiyoyozi. Haitoshi. Anashusha vioo ili upepo wenyewe usaidie, ingawa hakuna elimu inayosema upepo unasaidia. Haitoshi. Anarudisha gia chini, injini inalia, kijana wa kijiji anatokea na jiwe mkononi tayari kuliweka nyuma ya tairi, na mwishowe dereva anatamka maneno ambayo mwenye shangingi hatayatamka maisha yake yote: "Jamani, naomba mshuke kidogo."

Mjomba hashuki. Shangazi wanashuka. Na hapo ndipo safari inapoanza kuwa safari. Wanatembea kwa miguu nyuma ya gari, wanamsalimia anayepalilia, wanaulizia bei ya ndizi, wanaambiwa nani kafariki na nani kaolewa na shamba la nani lina kesi. Wakifika juu wana habari zote za bonde, wakati mjomba, aliyefika na gari, hana hata moja na inabidi asimuliwe. Gari lenye nguvu lingewapeleka wote pale juu katika ujinga ule ule waliotoka nao mjini.

Kurudi ni habari nyingine, kwa sababu hakuna anayeshuka milima ya Uluguru mikono mitupu. Kuna mkungu wa ndizi, kuna mihogo, kuna kifuko cha pilipili manga, kuna kuku. Sasa buti la Vitz na chumba cha abiria ni chumba kimoja. Hakuna ukuta baina yao. Kuku anasafiri akiwatazama watu visogoni, na dereva akiangalia kioo cha nyuma anakutana na jicho lake kabla ya kuona barabara. Wahandisi wa Toyota walikisia watoto na vifurushi vya dukani. Hawakumkisia jogoo.

Lakini walikisia jambo moja kwa ufundi ambao bado nauheshimu. Kipima mwendo cha Vitz za mwanzo hakiko mbele ya dereva, kiko katikati ya dashibodi. Kila aliye ndani anakisoma. Kwa hiyo trafiki wenye tochi wa njia ya Dar es Salaam wamepata wasaidizi wasiolipwa: ukipita 50 pale Mikese au Kingolwira, kabla askari hajakumulika na kukuandikia elfu thelathini yake, mjomba ameshakohoa. Ukifika 60 shangazi wameanza kusali. Gari zenye mshale nyuma ya usukani zinamruhusu dereva kudanganya familia yake. Kigari hakina siri za ndoa.

Habari ya uvungu nitaipita haraka kwa kuwa inauma. Kati ya tumbo la kigari na ardhi hakuna shubiri kamili. Mji unakua kuelekea Mkundi na Lukobe, watu wananunua viwanja, na kila Jumamosi mwenye Passo anakwenda saiti na mifuko miwili ya simenti, tumbo la gari likilamba udongo njia nzima. Wengine wanaweka spesa kukiinua, nacho kikishainuliwa kinaanza kuyumba kwenye kona na kukumbuka umri wake. Injini ya pistoni tatu ikiwa inasubiri tu hutetemeka kama mtu wa homa, ukiongeza mashimo ni lazima kila mwezi umwone fundi wa bushi na shokapu, na urafiki wenu utadumu. Faida ni kwamba mwenye kigari anayajua mashimo yote ya kata yake, lililozaliwa masika na lililorithiwa. Diwani akitaka orodha, asiende ofisini. Asimamishe Vitz yoyote.

Na masika yenyewe, kati ya Machi na Mei, ndiyo sikukuu ya kigari. Maji yakishuka kutoka mlimani na kukata barabara, gari refu hufika hapo, dereva hupima kwa jicho, husikia V8 yake ikimwambia "twende", huenda. Baadhi yao wamevutwa na trekta, na wengine wangetamani kuwa wamevutwa na trekta. Mwenye kigari hana mjadala huo. Anazima injini, anasimama na waendesha bodaboda na mama wa mchicha, anasubiri maji yapungue, anakula mahindi ya kuchoma. Ushujaa umemkosa kwa sababu hana kifaa cha kuufanyia, na hivyo yuko hai.

Kuna mahali sifa zangu zinaniishia, nami sitapamba. Barabara ya Dar es Salaam ndiyo njia ya semi treila za Zambia na Kongo. Pale mizani ya Mikese zinapanga foleni kupimwa, kigari kinapita pembeni bila kuulizwa uzito, na kwa dakika chache unajiona mtu huru. Kisha unakuta moja mbele yako, ndefu, inapanda kilima polepole na kutoa moshi. Kuipita unahitaji nguvu ambayo cc 997 hazina, na nafasi ambayo basi linalokuja upande wa pili haliitoi. Basi likishapita, upepo wake unakisukuma kigari pembeni na mikono yako inajua hivyo. Usiku, na mvua, ule wembamba wa bati unaofanya gari litumie mafuta kidogo unakuwa ndio kitu pekee kati ya mguu wako na bampa la lori. Hakuna mzaha wa kuweka hapo.

Ndiyo maana tangu Juni 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kwenda Dar kwa chini ya saa mbili, namna bora ya kusafiri na kigari imekuwa ni kukiacha stesheni. Nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 13,000, na treni inaweza kufikia kilomita 160 kwa saa bila shangazi yeyote kuona kipimo. Isipokuwa mwenye kigari ni mtu wa hesabu, na hesabu haimwachi alale. Peke yake, treni imeshinda. Watu wanne ni 52,000. Kigari, kilomita kama 195 kwa kiwango cha kilomita 15 kwa lita, kinakula lita 13, na petroli ikiwa karibu 3,000 hiyo ni 39,000, kuku bure. Mjomba ameisikia hesabu hii na ameikataa. Yeye atapanda treni, tiketi tutamkatia sisi, na kiti chake cha mbele apewe jogoo.