Saa ya Langoni

Bawabu wa shule anakosoma binti yangu ana saa yake mwenyewe, nayo haijawahi kupatana na saa ya Serikali ya Kenya. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, yaishe saa tisa na nusu. Huku kwetu lango hufungwa saa kumi na mbili na nusu. Mtoto akitokea dakika kumi baadaye, kwa sheria amewahi mno. Kwa bawabu, ni mhalifu.

Na asubuhi hiyo binti yangu anashuka mlima, maana Kisii na Nyamira tambarare tulinyimwa. Ukungu umefunika majani ya chai, njia ni utelezi wa mvua ya jana jioni, ambayo ndiyo pekee huku inayofika kwa wakati. Boda boda anataka pesa taslimu, na bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka.

Sipingi kuwahi. Mtoto akikosa hesabu za Jumatatu, atazitafuta hadi Ijumaa. Ndiyo maana adhabu ya shule inanikera: aliyechelewa hurudishwa nyumbani akamlete mzazi. Yaani kwa kukaribia kukosa kipindi kimoja ambacho hata hakijaanza, akose vyote! Mimi nimeshajitwika kikapu, niko katikati ya mashina ya chai, namwona anapanda, soksi zimegeuka matope.

"Baba, unaitwa shule."

Naacha chai, na gari la kubeba majani halimngojei mtu. Ofisini tunabanana kwenye benchi. Jirani yangu, wake amefukuzwa kwa sababu ya karo; huyo alifika mapema kabisa, akarudishwa mapema vilevile. Mwalimu anatusomea Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

"Mwalimu," nikauliza kwa adabu, "mimi wangu nilimleta. Aliyemrudisha ni nani? Hiyo laki tunaigawanaje?"

Benchi zima likakohoa.

Tena sisi si watu wa kukosa wakubwa. Waziri wa Elimu tumetoa Matiang'i kutoka Nyamira, tukatoa Machogu aliyekuwa mbunge wa Nyaribari Masaba, na kanuni ile ya saa mbili ilikuwepo mezani kwa wote wawili. Kama haikulivuka lango hili wakati huo, italivuka leo ikibebwa na mchuma chai?

Mwalimu akafunga kitabu chake. "Mzazi, hilo lilete kwenye mkutano wa wazazi, Ijumaa."

"Saa ngapi, mwalimu?"

"Saa mbili kamili. Ndipo shule inapoanza."