Mwongozo kwa Bendi Inayotaka Kuitwa Harusini Mara Moja Tu

Ukitaka kazi ya harusi Mombasa, usipoteze pesa kwa matangazo. Nenda Biashara Street Jumamosi asubuhi, simama karibu na mlango wa duka la kanga na ujifanye unamsubiri mtu. Mama anayenunua doti moja mwache apite, ana shughuli zake. Anayetaka doti thelathini za rangi moja ana harusi, au ana msiba. Mtazame uso kwanza kabla ya kutoa kadi.

Kanga yenyewe isome. Kwenye mtaa huu kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililo kwenye biashara tangu 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" imeshafungwa viunoni na bibi, mama na mjukuu. Lakini wewe usitazame alama, tazama jina lililoandikwa chini. Mama akichagua jina la kushukuru Mungu, utapiga nyimbo za mahaba na kulala mapema. Akipita yote ya heri, akasimama kwenye lile linalomsema jirani, jua kuna wifi au mke mwenza atakayekaa mstari wa mbele, na kwamba kazi uliyopewa si ya muziki hasa.

Mkianza bei, utasema kwa unyenyekevu, "Bi mkubwa, hatutasumbuana, hii ni harusi yetu sote."

Naye atakujibu bila kuinua macho kwenye vitambaa, "Kama ni yetu sote, mwanangu, basi nawe changa."

Hapo shusha bei, chukua arbuni, uondoke kabla hajakuongeza kwenye orodha ya wachangaji. Usiandikiane naye chochote. Maandishi huondoa utamu wa ule ubishi wa saa nane usiku kuhusu nani aliahidi jenereta.

Sasa tuje kwenye vyombo. Kanuni ya kwanza ni ukubwa. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, milango yake ya mbao nzito. Sauti ikitoka hapa hugonga ukuta ule, hurudi, hugonga huu, na neno la kwanza hukutana na la tatu njiani. Mtu mwenye akili angeleta spika mbili ndogo, akaziinua juu ya vichwa vya watu na kuzielekeza walipokaa. Wewe leta mabezi ya inchi 18, manne kama mkokoteni utaweza, uyapange chini ukutani ambako mvumo wake utaongezeka bure. Vikombe vya kahawa vikianza kutembea kwenye sinia, umeshapima sauti.

Kuna wazee watakaonung'unika. Hawa ni watu waliolelewa na nyimbo za taarab za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, wamezoea kukaa na kumsubiri mwimbaji amalize ubeti ili kesho wabishane barazani alikuwa akimsema nani. Kwao taarab ni maneno, na udi, fidla na ngoma ni vya kuyabeba. Ugonjwa huu una dawa. Mpe mpiga kinanda ruhusa ya kuwasha ngoma za mashine, besi ya mashine na fidla za mashine kwa pamoja, kisha aongeze ala ya filimbi kila mwimbaji anapovuta pumzi. Baada ya nyimbo tatu hakuna mzee atakayebishana kuhusu maana, kwa kuwa hakuna atakayekuwa amesikia neno.

Usimsahau mpiga tashkota. Chombo hiki kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikiwa na vibonyezo vinavyofanana na vya taipureta, na kilipofika pwani yetu tukakitia umeme kana kwamba kilizaliwa Kuze, hapa Mji wa Kale. Kina sauti kali inayopenya. Kwa hiyo fundi mwenye huruma angekiweka chini kidogo na kukipandisha baina ya beti, pale mwimbaji anapopumzika. Kukipandisha muda wote kuna faida moja: mpigaji hatakuomba umwongezee. Ingawa ataomba tu.

Mwimbaji naye mfundishe kushika maiki. Wengi hutumia SM58 ya Shure au mojawapo ya ndugu zake, chombo kilichoingia sokoni mwaka 1966 na bado hakijachoka. Maiki ya namna hii imetengenezwa isikilize mbele na kupuuza nyuma, na hufanya hivyo kwa msaada wa matundu yaliyo chini ya kile kichwa cha wavu. Mwimbaji akikamata kichwa chote kwa kiganja, kama alivyoona kwenye video za vijana wa rapu, matundu huzibwa na maiki huanza kusikiliza pande zote, ikiwemo spika. Sauti hutoka kwenye spika, huingia kwenye maiki, hutoka tena imekua, na ukumbi mzima husikia mluzi wa meli ya Likoni. Ukitaka mluzi huo uje bila kukosa, mwambie pia ashuke jukwaani akasimame mbele ya spika, kisha umwongezee sauti kwa sababu anasema hajisikii.

Umeme utaupata kwa mwenye nyumba. Soketi ni moja, na tayari ina friji ya soda, taa za kiti cha bibi harusi na birika la shangazi. Chomeka humo humo. Spika zikiunguruma, atatokea bingwa atakayesema dawa ni kukata ile pini ndefu ya juu kwenye plagi. Bingwa huyo hasemi uongo, mngurumo huwa unaondoka. Kinachoondoka pamoja nao ni ile njia ya umeme kuteremka ardhini siku waya ukilegea ndani ya amplifaya, na volti 240 hubaki zikitafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mwimbaji mwenye midomo kwenye wavu wa chuma. Hapa kejeli naiweka kando: msiikate pini hiyo. Chomekeni kinanda, miksa na amplifaya kwenye soketi moja yenu wenyewe, birika liende jikoni.

Na hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Chumvi huingia kwenye jeki hadi zikaota kutu, na waya uliopiga vizuri Ijumaa hukwaruza Jumamosi. Kufuta jeki kwa kitambaa na dawa ya kusafishia ni kazi ya dakika kumi, kwa hiyo isubirishe mpaka bibi harusi anaingia. Hapo ndipo watu wote wamenyamaza na mkwaruzo unasikika vizuri.

Usiku wa kupamba ndio mtihani wenyewe. Ukumbi ni wa wanawake, mabuibui yamevuliwa, simu zimezuiwa mlangoni, na kama wapigaji ni wanaume basi kuna pazia. Nyuma ya pazia hilo ndipo atakapokaa fundi mitambo na miksa yake, na hapo ndipo kazi yake yote ya maisha itapinduka. Sauti nzito huzunguka kona na kurudi nyuma ya spika; sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba herufi na kumfanya mtu ajue umesema "pendo" wala si "pengo", huenda mbele tu. Kwa hiyo fundi wa pazia husikia mvumo usio na maneno. Anaona bezi limezidi, analipunguza. Anaona mwimbaji hasikiki, anampandishia sauti nyembamba, nusu, halafu yote. Upande wa pili wanawake wameshika masikio na dhahabu zao.

"Ewe mwanangu wa pazia!" shangazi mmoja atapiga kelele. "Watutoboa!"

Fundi atasikia "watutoboa" kwa mbali, akadhani amesifiwa, na ataongeza kidogo. Njia ya kistaarabu ni kumwomba dada mmoja wa bendi akae kiti cha katikati na kutuma habari kila baada ya wimbo: punguza, ongeza, hapo hapo. Wapo mafundi wanaofanya hivyo, nao huitwa tena na tena. Ila kama unataka kuitwa mara moja tu, mtume mtoto wa miaka sita. Na usichungulie mwenyewe, hata kwa nia njema ya kukagua spika. Ukichungulia hutakuwa na haja ya mwongozo huu wala mwingine.

Kuhusu sheria sina mengi. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na baada ya hapo kiwango cha maeneo ya makazi ni desibeli 35, ambacho ni kama watu wawili wanaonong'ona. Hakuna harusi ya Mombasa iliyowahi kwisha kabla ya saa mbili wala kunong'ona. Kibali utakitafuta, majirani utawaomba radhi mapema, na yule jirani mkali hakikisha amealikwa. Mtu akiwa na sinia la biriani mbele yake masikio huwa mazito. Adhana ya Isha ikiadhiniwa zima kila kitu. Si kupunguza, ni kuzima, hata kama ndiyo kwanza mwimbaji amefika pale patamu.

Halafu kuna tuzo. Mwanamke atanyanyuka kwenye kiti chake, aje akicheza pole pole, noti zikiwa wazi kati ya vidole, na atazitoa moja moja huku akitazama meza fulani. Amelipia ubeti ule urudiwe. Hapa ndipo utakapoona kwa nini maneno yanafaa yasikike: anayetunza ameshayachagua, anayesemwa anatakiwa ayaelewe, na meza zote za katikati zinatakiwa ziyashuhudie. Bendi iliyozamisha mwimbaji kwenye bezi imemnyang'anya mteja alichokuja kununua, na noti inayofuata itabaki kwenye mkoba. Mwimbaji arudie ubeti akitazama dari. Asimwonyeshe mtu kidole, asitabasamu upande wowote. Mkiulizwa kesho, wimbo ulikuwa wa mahaba. Nani achukue hizo noti, mwimbaji au bendi nzima, kubalianeni kabla, au msikubaliane muone vikundi viwili vipya vikizaliwa usiku mmoja.

Chakula mtaletewa nyuma ya spika, pengine kimepoa. Kuleni kwa zamu. Ukumbi ukikaa kimya dakika kumi, mama mwenye shughuli hukumbuka bei mliyomtajia.

Mwisho ni kufunga. Gari halifiki mlangoni, kwa hiyo ni mkokoteni tena, saa tisa usiku, magurudumu ya chuma juu ya mawe, mbele ya madirisha ya watu wenye kazi asubuhi. Hesabu waya kabla hujaondoka, kwa kuwa ekstensheni nyeusi zote hufanana gizani. Kesho yake utakuta ya mwenye nyumba imekuja nawe, na yako imebaki kwake. Kama yake ina pini zote tatu, usiwe na haraka ya kumpigia simu.