Msemakweli wa Kisauni Ajibu: Saa Zako Zimeliwa na Sufuria

Wiki hii sanduku letu limejaa barua za wapikaji, wagema na wauzaji, wote wanalilia muda. Hakuna aliyeuliza kama anywe au asinywe, kwa hiyo shehe na mchungaji wapumzike. Swali hilo ni lao. Sisi tunajibu ya saa tu. Majina tumeyaficha kama kawaida, ingawa Kisauni ukimficha mtu jina, watu watamjua kwa sauti ya kikohozi chake.

Bi Msemakweli, salaam. Nimerudi kutoka Ujerumani na ujuzi wa kupika bia nyumbani. Kila Jumamosi napika lita 20 za kunywa mwenyewe na marafiki. Naanza saa 2 asubuhi, namaliza jua likizama. Mke wangu asema bia yauzwa dukani na foleni haina watu. Nimeona mtambo wa chuma cha pua, una pampu na hupasha maji kwa stima. Nikiununua, nitamaliza mapema? *Mpika Bia, Kiembeni.*

Kaka yangu, kabla hujafungua pochi fungua daftari, uandike saa zako zinakwenda wapi. Kimea kilichosagwa kinataka kulala kama saa moja kwenye maji ya digrii 65 hadi 68, ili wanga ugeuke sukari. Maji hayo yakishachujwa, yanataka kuchemka saa moja nyingine pamoja na maua ya hopsi. Hizo saa mbili ndizo deni halali la bia. Wewe unalipa saa kumi. Nane zilizobaki nani kazila?

Nitakwambia. Asubuhi unatafuta kipimajoto, unakikuta kwenye mkoba wa shule wa mtoto. Mfereji umekauka, unamngojea mwenye mkokoteni. Sufuria ya lita 30 umeiteleka juu ya kichomeo cha mtungi wa gesi wa kilo 6, moto ulioumbiwa kuchemsha chai ya watu watatu, na kifuniko kimeegemea ukuta. Kimea kikilowa, wewe una simu mkononi. Gesi inakatika katikati ya mchemko, na muuza gesi yuko msikitini. Usiku umeingia, umechoka, na vyombo vyote vinanata sukari.

Pampu haitakuponya hapo. Fanya hivi: Ijumaa usiku kimea kiwe kimesagwa, hopsi zimepimwa, vyombo vimeoshwa na maji yamo tayari ndani ya sufuria. Nunua kichomeo kikubwa na uwe na mtungi wa pili wa gesi. Vyote viwili pamoja havifiki bei ya mtambo ule. Funika sufuria wakati wa kupasha moto, kisha ukishaanza mchemko wenyewe uifunue, mvuke utoke na harufu zake. Badala ya vyombo vitatu vya kulowekea, kuchuja na kuchemshia, tia kimea ndani ya mfuko wa kitambaa cha wavu, uuloweke kwenye sufuria hiyo hiyo. Saa ikitimia, unyanyue mfuko, uuache uchuruzike, uendelee kuchemsha. Na ile saa ya kulowa ndiyo saa ya kuosha vyombo. Simu iache ndani.

Sasa kupoza, maana hapa ndipo ujuzi wa Ujerumani unapogonga mwamba. Koili ya shaba hupoza kwa maji ya mfereji, na kule mfereji hutoa maji ya baridi. Hapa maji ya mfereji yanatoka na uvuguvugu, na koili haiwezi kuishusha bia chini ya joto la maji yanayopita ndani yake. Utamwaga maji uliyoyanunua mtungi kwa mtungi, na bia ibaki na homa. Wapikaji wa Australia, nchi inayojua shida ya maji, wana njia yao: maji ya kimea yakiwa bado ya moto wa kuunguza, huyamimina kwenye mtungi safi wa plastiki nzito ya chakula inayostahimili moto huo, wakafunga kabisa, wakaenda kulala. Hamira hutiwa kesho yake. Hapo umeokoa muda, maji na barafu kwa mpigo mmoja.

Utaniuliza juu ya joto letu. Hamira nyingi za bia hupenda digrii 18 hadi 22, na chumba chako cha Kiembeni hakijawahi kuziona digrii hizo tangu kijengwe. Tafuta ile hamira ya mashambani ya Norwei iitwayo kveik. Hiyo hufanya kazi vizuri kwenye digrii 30 na zaidi, na humaliza kwa siku chache. Ajabu ya Mungu, hamira ya nchi ya theluji ndiyo inayofaa Kiembeni.

Mtambo wa stima? Stima ikipotea saa 6 mchana, utakuwa na chombo cha chuma cha pua kinachong'aa na uji wa shayiri ndani yake. Tena kumbuka sheria ya Kenya ya 2010 ya kudhibiti vileo inataka leseni. Kabla hujaanza kuwagawia majirani, nenda ukaulize ofisini.

Bi Msemakweli, mimi nagema minazi ya watu. Nakwea alfajiri, nakwea tena jioni, na magoti yanalia. Kijana mmoja amenishauri nitundike ndoo kubwa juu, nikwee mara moja kwa wiki. Amesema huko ndiko kuenda na wakati. *Mgema, Utange.*

Shikamoo mzee wangu. Kijana huyo mwambie akwee yeye kwanza, ushauri aje kuutoa akishuka.

Wewe wayajua haya, lakini wasomaji wa mjini hawayajui. Ua la mnazi likiwa bado limefumbwa ndani ya karara, mgema hulifunga kamba lisichanue, hulipinda pole pole, kisha huikata ncha. Tone la kwanza hutoka hapo. Kila anapopanda huichomoa kotama kiunoni, akaichonga ile ncha kipande chembamba kama ganda la kitunguu, basi. Akichonga kinene, ua linaisha kabla ya wakati wake. Asipochonga, jeraha linakauka na tembo linakoma. Kwa hiyo kukwea kwako si kwa ajili ya kuteremsha kibuyu peke yake. Unakwenda kulifungua jeraha upya. Ndoo kubwa ya wiki moja itakupa siki chini, nyuki waliozama juu, na ua lililokauka pembeni.

Saa za mnazi hazipunguzwi, lakini za baina ya mnazi na mnazi zinapunguzwa. Inoe kotama usiku, si chini ya mti. Kwea na kibuyu kitupu kilichooshwa, ukibadilishe na kilichojaa, usiwe wa kumimina huku umening'inia. Panga mzunguko wako ili mti wa mwisho uwe karibu na mnunuzi, si karibu na nyumbani. Na vile vidato vilivyochongwa kwenye shina, vilivyochakaa vichonge upya, maana mguu unaopapasa kidato ndio unaokula muda, na siku moja utamla mwenye mguu.

Huko Sri Lanka wagema hufunga kamba za makumbi kutoka kilele cha mnazi hadi kilele cha pili, wakatembea hewani mti kwa mti bila kushuka. Nakuhadithia tu upate kujua wenzio wanavyoishi. Utange ya leo, baina ya mnazi na mnazi pana ghorofa la mtu na waya wa stima. Usijaribu.

Bi Msemakweli, mimi nina mangwe, kilabu cha kuuzia tembo. Tembo naletewa asubuhi, tamu kama asali. Wateja waja jioni na sheria nayo yataka jioni. Ifikapo jioni limekuwa kali, wazee wakunja nyuso. Juzi mtungi ulipasuka kifuniko juu ya bodaboda, dereva akajitupa mtaroni akidhani ni risasi. *Mama Mangwe, Mtopanga.*

Pole mama, na dereva naye pole. Shida yako ni kwamba unabishana na kiumbe asiyekwenda mahakamani. Sheria ile ya 2010, watu wakaiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa za baa kuwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Tembo halijaisoma. Mpika Bia wa Kiembeni anahangaika siku nzima kupata sukari na kutia hamira. Mnazi unatoa sukari iliyo tayari, na hamira ya hewani na ya kibuyuni inaingia yenyewe tone la kwanza likidondoka. Kwa saa chache tu kileo kimeshafika asilimia 4 au zaidi. Kesho yake uchachu unashika usukani, na baada ya hapo una siki.

Basi usishindane mbio na tembo la asubuhi. Afikiana na mgema: la jioni, lililoteremshwa alasiri, ndilo la mangwe. La alfajiri lina wateja wake, maana wapo akina mama wanaoumulia vitumbua kwa tembo tamu. Na likibaki, liache liwe siki kwa makusudi, uliuze kama siki, bila aibu.

Ukilazimika kungoja na la asubuhi, viunguze vibuyu na mitungi kwa maji ya moto. Chombo chenye masalio ya jana kimejaa hamira ya jana, na hiyo ndiyo inayokuharakishia. Kisha mtungi uweke kwenye barafu, ile ile wanayotumia wauza samaki. Baridi huipunguza kasi hamira, haiiui. Kifuniko kiache kimelegea kidogo hewa ipumue, na bodaboda wafike salama. Lakini kali usilipoze kwa maji. Mgema akilitia maji ana methali ya kumsingizia aliyemsifu. Muuzaji hana methali ya kumtetea.

Bi Msemakweli, mimi sinywi na sipiki vileo, lakini juisi yangu ya ukwaju ya futari yanichukua tangu adhuhuri hadi magharibi. Hata mimi nina haki ya kuuliza? *Ummi, Mlaleo.*

Haki unayo kuliko wote, Ummi, kwa kuwa wewe unaharakishwa na adhana. Dawa yako ni ile ile ya Kiembeni: kinachongojeka, kingojee usiku. Baada ya daku loweka ukwaju kwenye maji yaliyochemka, ufunike, uende ukalale. Ukiamka utakuwa umelainika wenyewe. Ni kusugua kwa mkono na kuchuja. Wanaopoteza mchana wanauchemsha mkavu na kupigana na kokwa. Sukari nayo iyeyushe kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kuitia, usije ukasimama unakoroga juisi ya barafu mpaka mkono unakufa ganzi. Iliki na tangawizi zipondwe jana. Hapo adhuhuri ni yako.

Bi Msemakweli, nimeambiwa kuna dawa ukitia kwenye pombe haingoji siku, inakuwa kali papo hapo. Nataka kuanza biashara. Nitaipata wapi? *Kijana wa Haraka, Mwandoni.*

Mwanangu, barua yako haitakuwa na mzaha. Hamira haipewi dawa ya kuharakisha ukali. Wanaouza ukali wa papo hapo wanatia methanoli, pombe ya viwandani isiyo ya kunywewa. Mwilini hugeuka sumu, ikaanza na mishipa ya macho. Novemba 2000, kule Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 na kuwaacha wengine vipofu. Waliokufa walikuwa watu wenye shilingi kidogo na haraka nyingi, nao waliwaamini waliowauzia.

Saa zile za kungoja ndizo zilizobaki kumlinda mnywaji. Aliyekupa anwani ya dawa hiyo mripoti, na biashara utafute nyingine. Ukitaka yenye faida ya haraka, uza barafu. Umesoma mwenyewe hapo juu, wanaoihitaji ni wengi.

Bi Msemakweli, nina kishamba Mwakirunge. Nataka kupanda minazi mifupi ili mgema wangu aligeme tembo akiwa amesimama chini, asipoteze muda wa kukwea. Nimekuwa nikisoma juu ya aina za miche. Nipande ipi? *Mwenye Shamba, Mwakirunge.*

Wazo lako ni zuri kuliko yote yaliyofika wiki hii. Mnazi mrefu wa pwani yetu huchukua kama miaka 6 au 7 kabla ya kuchanua, wakati mwingine zaidi. Mfupi huanza kwenye miaka 3 au 4. Lakini mfupi hauna subira ya ukame kama ule mrefu, na umri wake pia ni mfupi. Kwa hiyo changanya: mifupi karibu na maji, mirefu pembezoni. Na kila mche uukague kitovuni, maana chonga, yule mende mwenye pembe, hutoboa kilele na kukila kichanga. Lundo la samadi na magogo yaliyooza viondoe karibu na shamba. Humo ndimo anamozalia.

Ama hilo la kusoma, lina mwisho. Masika huingia mwezi wa Nne. Ukipanda masika haya, baada ya miaka 4 hivi utaligema ukiwa umesimama kwenye ardhi yako. Ukingoja uzimalize aina zote kwanza, utalinywa ukiwa umekaa kwenye benchi ya mangwe, kwa pesa zako, na tembo litakuwa la mwenzako.