Maziwa ya Maboga

Huku kwetu Garsen adui wa shamba hujulikana kwa nyayo zake. Kiboko hupanda kutoka mtoni usiku na kuacha mashimo. Nyani huacha maganda. Ng'ombe "aliyepotea" huacha samadi, na mwenyewe hutokea jioni akiuliza kama umemwona. Mto Tana nao, mvua ikizidi milimani na bwawa la Masinga likafurika, huingia mpaka chumbani bila hodi. Lakini adui aliyevamia maboga ya shangazi yangu hakuacha unyayo wowote. Aliacha unga.

Yalikuwa maboga ya kujivunia. Mafuriko ya 2024 yalipoondoka yalibakiza tope zuri jeusi, na shangazi, ambaye kwake nafasi kati ya shina na shina ni ardhi iliyotupwa, akayapanda yakabanana kama abiria wa matatu ya Malindi mkesha wa Idi. Ghafla majani ya chini yakatoka madoa meupe, madoa yakaungana, jani zima likawa jeupe.

Kesi ikaanza. Bibi aliwapanga wajukuu mstari akawanusa viganja mmoja mmoja, maana unga wa chapati ulikuwa umepungua mkebeni. Mzee jirani akasema hilo ni jicho tu, huku akimtazama jirani mwingine. Kijana wa bodaboda akasema ni vumbi la barabarani, ingawa barabara yenyewe ni ya lami na iko mbali.

Bwana shamba, baada ya kutumiwa picha kwa simu, alijibu kwa maneno mawili: ubwiri unga. Nikampigia anieleze. Ni ukungu, akasema, unaosafirishwa na upepo, na una tabia ya ajabu: aina nyingi za ukungu hutaka jani lililoloa, huu hutaka hewa yenye unyevu lakini jani likiwa kavu. Hupenda kivuli na msongamano, huanza na majani makuukuu, na ukiyamaliza, maboga hubaki madogo na yasiyo na utamu. Shangazi alichukia. Maisha yake yote kila hasara shambani ameipeleka kwa maji, ama yamezidi ama yamekosekana, na leo anaambiwa maji hayana hatia!

Mwenye agroveti alitaka kutuuzia salfa. Ni dawa halali ya ugonjwa huo, ila joto likipita nyuzi 32 huweza kuunguza majani ya jamii ya maboga. Garsen nyuzi hizo tunazipita kabla chai ya saa nne haijaiva. Ndipo nikakumbuka Wagner Bettiol, mtafiti wa Brazil, ambaye mwaka 1999 alichapisha majaribio yake: maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, yakipulizwa mara kwa mara kwenye zukini, ndugu wa maboga, yalidhibiti ugonjwa huu vizuri tu.

Tatizo halikuwa sayansi. Tatizo lilikuwa mama wa maziwa.

"Mwanangu, nani mgonjwa?" aliuliza, akiona nimeagiza zaidi ya kawaida.

"Maboga, mama."

Alitua jerikeni chini. Wafugaji na wakulima wa Tana wamegombana kwa miaka mingi juu ya ng'ombe kula mashamba. Sasa shamba linataka kumnywa ng'ombe. Akasema hilo lazima alione kwa macho yake. Akanifuata hadi kwenye bomba la kupulizia, akanitazama nikimimina kikombe kimoja cha maziwa, kisha maji: kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilipofika cha tisa alipiga makofi.

"Mimi nikitia kimoja mnaniita mwizi!"

Habari zilifika sokoni kabla dawa haijakauka. Jioni wakaja paka, paka ambao sijui wanaishi wapi, wakawa wanalamba majani kwa utaratibu, safu kwa safu. Akina mama waliozoea kuomba majani ya maboga ya kupika wakauliza kama maziwa tayari yamo au waongeze tui. Shamba zima likanuka mtindi.

Tulikata majani yaliyokwisha kuwa meupe tukayachoma, tukang'oa na baadhi ya mashina (shangazi alifunga macho) ili jua na upepo vipite. Kwa maoni yangu hilo la kung'oa lilisaidia kuliko bomba, lakini kulitamka kwa sauti ni kumvunjia heshima ng'ombe wa watu. Majani makuukuu hayakupona. Machipukizi yalibaki kijani, na maboga yakakomaa, si makubwa, lakini yanapikika na nazi.

Siku ya kuvuna mama wa maziwa alifika bila kuitwa wala jerikeni. Alizunguka shamba, akagonga boga moja moja kwa kidole, akachagua kubwa kuliko yote. Akasema hilo ni la ng'ombe. Lake yeye atalifuata Jumatano.