Waitaliano wa Njiani

Mtaa wetu wa Kaptembwo sasa una watu wanaoweka akiba ya safari ya Italia. Roma hawaitaki, eti imejaa watalii. Wanataka kijiji cha kale chini ya milima: vichochoro vyembamba, nguo zilizoanikwa juu ya wapita njia, na mabibi waliokaa mlangoni wakimpekua kwa macho kila anayepita. Ploti zetu zina hayo yote, na mlima wa Menengai uko pale juu, lakini huku huitwa msongamano.

Siku ya kwenda Nairobi kuomba viza, matatu hupitia Mai Mahiu. Inapoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kando ya barabara kuna kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1942 na Waitaliano wenyewe, wafungwa wa vita walioletwa kuchonga barabara hiyo hiyo. Ni dogo kiasi kwamba harusi ya kwetu ingelijaza kwa kamati peke yake. Historia ipo, mlima upo, Mwitaliano alishapita. Wasafiri wetu wanaliona? Thubutu! Wako dirishani wakivutana na muuzaji juu ya bei ya mahindi ya kuchoma.

Lakini tusiwalaumu. Wafungwa wale nao, wakipiga nyundo, bila shaka waliota vijiji vyao vya chini ya milima. Ila wao kurudi kwao walisubiri vita viishe tu. Hakuna aliyewadai taarifa ya benki.