Namna ya Kufungua Darasa la Sayansi la Jumamosi Kilo Bila Kusumbuliwa na Maswali

Anza na kaliko. Wengi wanaotaka kuwafungulia watoto darasa la sayansi mwisho wa juma huharibu mambo hapo hapo mwanzoni: wanakimbilia kutafuta ndoo, mchanga, chupa tupu na mwalimu anayependa watoto. Hayo yatafuata, au hayatafuata. Wewe nenda Bunia, mtafute mchoraji wa matangazo, umwagize kaliko ya mita tatu yenye maneno "Watoto wa Kilo, Wanasayansi wa Kesho". Achore mtoto aliyevaa miwani. Pembeni aache nafasi nyeupe kwa ajili ya alama ya mfadhili. Mfadhili mwenyewe bado hayupo, lakini siku akipita na kuona mahali pake pameshaandaliwa, ataona haya kukataa.

Kisha barua. Jimbo letu la Ituri, mashariki mwa Kongo, liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na watoto kumi na watano wenye ndoo, wakikusanyika mahali pamoja, ni mkutano. Mwandikie chifu, mkubwa wa shule, polisi, na kila biro yenye mhuri. Usisahau nakala kwa wale wasiohusika kabisa, maana hao ndio hukasirika zaidi wakirukwa. Shule nyingi za kwetu zinafundisha hata Jumamosi asubuhi, kwa hiyo darasa lako litaanza mchana, watoto wakiwa hawajala. Hilo lisikusumbue. Mwenye njaa haulizi sana.

Kupata watoto si kazi. Tangu shule ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure mwezi wa tisa 2019, madarasa yamefurika, na ukipiga filimbi barabarani utapata mia. Kazi ni kuwapata wale uliowakusudia. Kilo ni nchi ya dhahabu, na Jumamosi, siku ya posho kama wazee wanavyoiita, unashindana na machimbo. Mvulana wa miaka kumi na miwili akibeba mifuko ya mchanga kutoka shimoni hadi mtoni, jioni anarudi nyumbani na franga za chumvi na sabuni. Wewe unampa biskuti, na sukre moja ya kugawana na wenzake wawili. Asipokuja usihuzunike. Jina lake liweke kwenye orodha. Mfadhili anahesabu majina, hahesabu miguu.

Sasa somo lenyewe. Maneno "kwa vitendo" yaandikwe ubaoni kwa herufi kubwa, watoto wayanakili, wayapigie mstari kwa kalamu nyekundu. Hapo vitendo vimeshaanza. Ukiishiwa na la kuandika, wape historia: dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903 na watafutaji wawili waliotoka Australia, Hannan na O'Brien. Watoto wataandika bila kuuliza kama kabla ya hapo mto ulikuwa hauna watu.

Nunua makoti meupe matano. Watano wanatosha kwa picha. Watoto wengine wakae nyuma ya wapiga picha.

Kwa jaribio, chagua la volkano. Linapendwa dunia nzima: mlima mdogo wa udongo, magadi ya kuokea ndani yake, siki juu, povu jekundu linamwagika. Mtoto wa Goma aliyekimbia Nyiragongo mwezi wa tano 2021, au ambaye mama yake aliikimbia Januari 2002, angekuwa na la kusema kuhusu povu hilo. Wa Kilo hajaona lava, atapiga makofi. Fanya wewe mwenyewe, peke yako, watoto wakiwa nyuma ya kamba. Ukimwachia mtoto chupa ya siki atataka kujua ikiongezwa nusu itakuwaje, ikipunguzwa itakuwaje, na maji ya limao je, na siki yenyewe umeinunua kwa bei ya kuku.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu wa kazi hii, na sijui kwa nini wanaoandika miongozo hawausemi, ni kuzuia visiingie darasani vitu ambavyo tayari viko kijijini.

Chukua mizani. Kwa mnunuzi wa dhahabu, juu ya meza ndogo, utaikuta ile ya kuning'inia: visahani viwili vyepesi, nyuzi, na mkono mwembamba wa chuma unaoshikwa kwa vidole viwili. Kwanza mnunuzi anapitisha sumaku juu ya unga aliouletewa. Mchanga mweusi wa chuma unaruka na kung'ang'ania, dhahabu inabaki palepale. Anapuliza kidogo vumbi litoke. Anapuliza tena. (Na pumzi nayo ina hesabu yake, lakini tuendelee.) Dhahabu inawekwa upande mmoja. Upande wa pili yanawekwa mawe ya mizani: sarafu ya zamani na, kwa vipimo vidogo, kijiti cha kiberiti. Kijiti chenyewe, kilekile cha kuwashia jiko. Jasho la wiki nzima linapewa bei kwa kulinganishwa nacho.

Meza hiyo ni maabara. Ina wenzo, ina sumaku, ina somo zima la uzito, na hakuna mtoto wa Kilo asiyeijua. Ndiyo maana ni hatari. Ukizembea ukaileta darasani, mtoto mmoja asiye na adabu atafungua kiberiti, ataweka kijiti kushoto na kingine kulia. Mizani italala upande mmoja. Atabadilisha kimoja, itasimama sawa. Ataweka cha tatu, kilichokatika kichwa, italala tena. Halafu atainua uso na kuuliza: "Mwalimu, sasa cha kweli ni kipi?"

Swali hilo ndilo lililowafanya Wafaransa mwaka 1799 watengeneze kilo ya platini na kuifungia kabatini, ili muuzaji na mnunuzi wasiwe kila mmoja na kilo yake. Iliyoirithi, ya 1889, ilitawala mizani ya dunia hadi tarehe 20 Mei 2019, siku ambayo wataalamu waliacha kutegemea kipande cha chuma, wakaifunga kilo kwenye namba thabiti ya Planck, namba ya maumbile isiyochakaa wala kukatika kichwa. Miaka 220 ya mabishano, ili tu kipimo kisiwe mali ya mtu mmoja. Na hapa mtoto wa darasa la tano kalifikia jambo lenyewe kwa dakika kumi na boksi moja la kiberiti.

Funga daftari upesi. Sema muda umekwisha. Mjomba wa mtoto huyo ni mchimbaji, baba wa jirani yake ni mnunuzi, na mwenye shimo, yule wanayemwita PDG kana kwamba ana ghorofa Kinshasa, ndiye aliyekuazima viti.

Kuosha mchanga nako ni jambo la kukwepa. Dhahabu ina uzito wa mara 19 na kitu ukilinganisha na maji ya ujazo uleule; mchanga mweupe haufiki hata mara tatu. Ndiyo sababu ukizungusha karai majini mchanga unatoka na dhahabu inazama na kubaki chini. Msichana anayemsaidia mama yake mtoni anajua kwa mkono wake ni wakati gani wa kuzungusha na wakati gani wa kuinamisha, na akikosea kidogo chakula cha jioni kinakwenda na maji. Hajawahi kuambiwa kwamba anachokijua kinaitwa fizikia, na darasa la sayansi lililopangwa vizuri halitamwambia. Likimwambia, huenda akataka kuwa fundi wa migodi, na nani atamlipia?

Zebaki usiilete kabisa, wala mtoto asiishike. Kwa mara ya kwanza katika mwongozo huu ninasema kweli tupu. Lakini kutoileta hakutakuokoa, maana wameshaiona kwenye chupa ndogo, inang'aa kama jicho la samaki. Wameona inavyokamata chembe za dhahabu na kuwa donge moja, donge linavyowekwa juu ya makaa, na dhahabu inavyobaki peke yake. Yupo atakayeuliza ile nyingine imekwenda wapi. Imegeuka mvuke: zebaki huchemka kwa nyuzi 357, na moto wa makaa unazifikia bila taabu. Mvuke huo kwanza unaingia mapafuni mwa anayepepea moto, mara nyingi jikoni mwake mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Unaobaki unapanda, unapoa, unarudi chini na mvua hadi mtoni, na huko kwenye tope vijidudu vinaugeuza sumu ya kukaa ndani ya samaki. Kule Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa wa waliokula samaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, wa mwaka 2013, ukapewa jina la mji huo. Mtoto akikufikisha hapo, andika katika ripoti: "Mazingira yalizungumziwa." Kisha gawa biskuti.

Maswali yakizidi, ipo njia ya zamani ya kuyamaliza, nayo tunaweza kuiazima kwa jirani. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombaniwa, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alimuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena na kushikilia, ikawa mzaha wa darasa: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kauli nzuri sana, iweke karibu. Siku yule wa vijiti akirudi, mwambie mbele ya wenzake kwamba hiyo ni fizikia ya Kilo. Watoto watacheka, naye atakaa.

Kasoro ya njia hii ni moja tu. Mpemba hakukaa. Mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokuja Mkwawa kuhutubia, kijana alisimama akauliza swali lilelile. Wenzake wakacheka tena. Osborne, badala ya kucheka, alirudi chuoni akataka lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la mwanafunzi yule. Ukisikia kwamba Tanzania wana maonyesho ya wanasayansi vijana, na kwamba Kampala tangu 2011 shirika la Fundi Bots wanawaachia watoto waunde roboti kwa mikono yao, ujue matatizo ya aina hiyo hayaishi. Mtoto mmoja akijibiwa, kesho wanakuja kumi.

Juu ya kufunga darasa sina mengi. Vyeti viwe na rangi ya dhahabu. Wageni wa heshima wazungumze kwa saa moja na nusu, kila mmoja akianza kwa kuwashukuru waliotangulia, na pesa za transpo zigawiwe kwao kabla ya hotuba, kwa sababu wakizipata baadaye hotuba zinakuwa ndefu zaidi. Watoto waimbe. Ripoti iseme wamefikiwa mia mbili.

Na kama umesoma hadi hapa bado una ukaidi wa kutaka darasa la kweli, basi lichukue hili, halina gharama. Bunia iko digrii moja na nusu hivi kaskazini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua linapita juu ya utosi kabisa: tarehe 24 mwezi wa tatu, na tarehe 18 au 19 mwezi wa tisa. Wape watoto vijiti vilivyonyooka, wavisimamishe wima kwenye uwanja wa shule kwa uzi wenye jiwe, waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi kuanzia saa tano. Kivuli kitafupika hadi kitoweke chini ya kijiti, kisha kianze kukua upande wa pili. Mwezi wa tatu kinatoweka dakika kama tano baada ya saa sita, mwezi wa tisa dakika chache kabla yake. Usiwaambie mapema, na wakikuuliza kwa nini saa haikubaliani na jua, waache wabishane kwanza. Kwa walio Kilo, kaskazini kidogo zaidi, shikeni tarehe 25 mwezi wa tatu na 18 mwezi wa tisa. Na mkiona mawingu, siku inayofuata kivuli bado kitakuwa kifupi mno hata mtoto mwenye macho makali atabishana kama kipo.